Skrofula, Ugonjwa wa Bibi Yangu na Wangu

Mwezi uliopita dada mmoja wa Naliendele alinipigia simu. Namba yangu alipewa na sista wa kliniki, kwa ruhusa yangu. Aliniamkia, akajitaja jina, kisha akauliza swali moja tu: "Dada, na wewe kilipasuka?"

Nikamwambia, "Kilipasuka, mdogo wangu. Tena kibaya."

"Basi ngoja nikae," akasema. Nikasikia akivuta kigoda. Tulizungumza karibu saa nzima. Tulipoagana nikaona niandike, maana wapo wengi wenye shingo kama zetu na hawana mtu wa kumpigia.

Naitwa Somoe. Ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bi Shirini, hapa Mikindani. Bi Shirini ni Mhindi wa hapa hapa, amezaliwa nyumba hiyo hiyo na amepita miaka sabini. Nina mume, ambaye namwita Baba Rukia. Ni dereva wa lori la mchanga, mara nyingi yuko upande wa Madimba. Tuna binti mmoja, Rukia, wa miaka tisa. Mama mkwe wangu, Bi Hadija, tunaishi naye nyumba moja.

Fundi huvaa futi yake shingoni tangu asubuhi. Ndiyo iliyonionyesha. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, nami kila nikiitundika futi nahisi kitu kigumu upande wa kulia, chini ya taya, kama punje ya kunde. Hakiumi. Nikaacha. Maua yakawa mabibo, kunde ikawa yai la njiwa, na chini yake vikatokea vingine viwili vidogo vimejipanga.

Kila aliyekuja kupimwa nguo alikuwa na lake. Mmoja akasema ni rovu, nile samaki wa chumvi. Mwingine akasema ni jino bovu. Katika duka moja la dawa nikapewa vidonge vya siku saba, nikavimaliza, uvimbe ukabaki pale pale. Wakati huo nilikuwa nimeanza kukonda. Nilijua kwa sababu magauni yangu nayapunguza mwenyewe: kiuno nilikibana mara ya kwanza, nikakibana tena, na mara ya tatu nikaona aibu kuikata nguo yangu mbele ya wateja, nikajifunga kanga juu. Jioni joto lilinipanda, na asubuhi nikiamka shuka limelowa.

Korosho zilipoanza kwenda mnadani, Baba Rukia akanipeleka hospitali mjini Mtwara.

Chumba cha kusubiri cha kliniki ya hospitali ile nakijua kuliko sebule ya nyumbani kwangu. Hakina mlango, ni benchi nne chini ya paa la bati, upepo unapita, na kila mtu amekaa upande kidogo kana kwamba anamsubiri mtu mwingine. Siku ya kwanza nilipewa kikopo nitemee makohozi. Sikuwa na kikohozi. Nilijikaza pale nyuma ya jengo mpaka machozi yakanitoka, nikarudi na mate. Majibu yakaja, hakuna kitu. Nikapigwa picha ya kifua, hakuna kitu. Nikafurahi, nikamwambia Baba Rukia twende zetu.

Daktari akasema, "Bado, mama. Nataka kuichoma hiyo tezi."

Alikuwa binti mdogo, kwao Masasi, mwenye sauti ya chini. Akanichoma sindano kwenye uvimbe, akavuta maji mazito ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Baada ya wiki moja akanikalisha, akasema, "Una kifua kikuu."

Nikaona amechanganya mafaili. "Daktari, kifua changu umekipiga picha mwenyewe. Kizima."

"Kizima, ndiyo. Hiki kimekaa kwenye tezi za shingo. Ni kifua kikuu cha tezi."

"Kifua shingoni?"

Akacheka kidogo, nami nikacheka, halafu nikalia. Alinisubiri nimalize. Akanieleza dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Na akarudia mara mbili, tena akimtazama Baba Rukia: ugonjwa wa namna hii, kifua kikiwa safi, hauambukizi watu wa nyumbani. Rukia aletwe apimwe, kwa tahadhari tu. Tulimleta, alikuwa mzima.

Kuambiwa hivyo hospitalini ni jambo moja. Kufika nalo nyumbani ni jambo jingine. Mama, ndivyo ninavyomwita Bi Hadija, alisikia neno "TB" na mengine yote hayakumwingia. Jioni ile ile nikakuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Sahani yangu ilikuwa imewekwa juu ya kabati, peke yake. Godoro la Baba Rukia lilikuwa limehamia chumba cha mbele. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ni kwa muda tu, Mama Rukia," akasema. "Mama ana wasiwasi. Tumpe nafasi."

Nilikuwa na vidonge vya kesho yake vya kufikiria.

Kwa anayeanza leo, niseme niliyotamani kuambiwa. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usiogope, si damu. Asubuhi tumbo litakataa. Mimi nilisaidiwa na kipande cha tangawizi ambacho sista alinipa kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, akasema hata yeye hukitafuna kwenye safari. Magoti yatauma. Hamu ya kula itarudi ghafla, siku usiyoitegemea. Kwangu ilirudi nikipita mbele ya mama anayekaanga mihogo. Nilikula nimesimama, nikaongeza, nikaongeza tena.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nikabadilishiwa dawa, vidonge vikapungua. Kiuno cha gauni nikakifumua. Nilianza kujiona mtu.

Kisha ule mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, shingo ikavimba upya. Ngozi juu ya uvimbe mkubwa ikawa nyembamba, ya zambarau, inang'aa. Siku moja nikiwa nashona nikahisi kitu cha moto kinateremka kifuani. Nikatazama: usaha, umelowesha kitambaa cha mteja, gauni la harusi la kitenge, tena rangi ya maziwa. Nililikunja gauni lile nikaliweka chini ya meza, nikajifunga kanga shingoni, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Mama alipoiona shingo yangu alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Miezi mitatu ya dawa," akasema. "Miezi mitatu, na sasa kimetoboka. Somoe mwanangu, hii si ya hospitali."

Yeye alimjua fundi mmoja wa kijijini, bara kidogo, anayechanja matezi na kutia dawa ya unga. Sharti lake, mgonjwa aache vidonge vya hospitali siku tatu kabla. Nilimtazama Baba Rukia. Akasema uamuzi ni wangu, lakini alisema huku anatazama ukuta. Nami nilikuwa nimechoka. Nataka hili lieleweke kwa atakayesoma: sikuburutwa. Nilikubali kwa kinywa changu. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu nianze, sikumeza vidonge.

Nikaenda kwa Bi Shirini kumwomba ruhusa na kumwomba radhi kwa lile gauni. Nilimkuta anakunja majora. Nikamwambia ninakokwenda.

"Nionyeshe," akasema.

Nikafungua kanga. Hakurudi nyuma. Alivaa miwani, akainama, akaangalia vizuri kama anavyokagua kitambaa kama kina dosari.

"Shingo hizi baba yangu alikuwa akizitibu," akasema. "Keti, beti, keti binti yangu. Nakuja."

Marehemu baba yake, mimi sikuwahi kumwona. Alikuwa mchanganya dawa, enzi zile wakiwaita kompaunda, katika zahanati ya wamisionari iliyokwisha fungwa zamani. Bi Shirini alikaa ndani kitambo, akatoka na daftari la jalada jeusi, kingo zake zimeliwa na mchwa. Majina ya wagonjwa na vijiji vyao yameandikwa kwa herufi tunazozijua sote, na maelezo yake kwa Kigujarati. Mbele ya majina kadhaa lilikuwepo neno moja la Kizungu, limeandikwa kwa mwandiko wa madaha: Scrofula.

"Skrofula," akasoma. "Huu ndio ugonjwa wa shingo. Baba alikuwa anatusimulia. Uvimbe, unapasuka, unafunga, unapasuka tena." Kidole chake kilikuwa kinateremka kwenye ukurasa. Kikasimama. Akanitazama. "Wewe jina hili ulipewa la nani?"

"La bibi yangu mzaa baba. Ni somo yangu."

"Wa wapi?"

"Msimbati."

Akanigeuzia daftari. Somoe binti Nalinga. Msimbati. Scrofula.

Bibi alifariki nikiwa darasa la kwanza. Ninamkumbuka kwa kanga yake, aliyoifunga shingoni hata jua la saa saba. Siku moja tu niliona chini yake: ngozi imekunjamana kama karatasi iliyochomwa, mistari juu ya mistari. Tuliambiwa aliungua na uji alipokuwa msichana. Ukoo mzima ulisema hivyo, na baba yangu aliingia kaburini anaamini hivyo.

"Nisomee, Bi Shirini. Yote."

Akasoma polepole, akitafsiri. Amekuja na uvimbe sehemu tatu. Amepewa mafuta ya samaki. Amekuja tena, mmoja umepasuka, umeoshwa. Amekuja tena. Kisha mstari wa mwisho, ambao Bi Shirini aliusoma kimya kwanza, midomo ikitikisika, kabla ya kuutoa kwa sauti: "Dawa mpya ya sindano imefika kutoka ng'ambo. Nimetuma mtu Msimbati kumwita Somoe, mara mbili. Hakuja. Wamempeleka kuchanjwa."

Mteja mmoja alisimama nje, akauliza bei ya kanga, Bi Shirini akamwambia arudi baadaye.

Pembeni ya ukurasa palikuwa na maandishi madogo. Nikamuuliza yanasemaje. Aliyasoma, akafunga daftari.

"Hapa baba aliandika maana ya hilo neno, alivyoambiwa na daktari wa misheni. Si neno la kukuambia wewe. Neno chafu."

"Mimi shingo yangu inatoka usaha, Bi Shirini. Uchafu gani utanitisha?"

Akatikisa kichwa, akakataa katakata. Lakini daftari alinipa, limefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha pamba.

Kesho yake sikwenda kwa fundi wa kuchanja. Nilipanda bajaji hadi kliniki, daftari kifuani. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Madimba anayehesabu tasbihi. Aliponiona natetemeka aliniwekea koti lake magotini bila kusema neno, akaendelea na dhikri yake.

Daktari alisafisha kidonda kwanza. Alikasirika niliposema nimeruka dozi, hasira ya kimya, akaniandikia tarehe na kuniambia nimeze leo leo. Kisha akanieleza, na hapa naomba msomaji ashike: tezi kuvimba na hata kupasuka katikati ya matibabu hutokea, na haimaanishi dawa imeshindwa. Akaomba sampuli ipimwe tena kuhakikisha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akakiri kwamba ilimpasa aniambie, na akaniomba radhi. Sikuwa nimewahi kuombwa radhi na daktari.

Ndipo nikalitoa daftari. Alilisoma lile neno akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani.

"Skrofula! Hili siku hizi hatulitumii kabisa. Mzee mmoja aliyetufundisha chuoni ndiye alikuwa akilipenda. Ndiyo hii TB ya tezi yako. Hii hii."

"Maana yake nini? Mwenye daftari amekataa kuniambia."

Alisita. Aliutazama ushungi wangu, akasita zaidi. "Ni Kilatini, lugha ya zamani ya Warumi. Scrofa kwao ni nguruwe jike, yule mzazi. Scrofula ni kidogo chake. Kinguruwe."

"Nguruwe?"

"Samahani, mama."

"Kwa nini nguruwe?"

"Wapo wanaosema shingo ikivimba ilifanana na mgongo wa nguruwe. Wengine wanasema ni hizi tezi zenyewe, moja kubwa na ndogo zimejipanga pembeni, kama nguruwe na watoto wake wananyonya. Wengine wanasema waliamini nguruwe huugua hivyo. Hakuna anayejua kwa hakika. Ni maneno ya watu waliokuwa wanaangalia kitu wasichokijua, wakakiita kwa kile walichokuwa nacho zizini."

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka bandeji mpya ikavuta. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma tangu jana: kama bibi yangu angekuja ile mara ya kuitwa, angepona mapema, bila makovu yale?

"Siwezi kukuapia," akasema. "Lakini angekuwa na nafasi. Kabla ya dawa ile hakuwa nayo."

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua mchele. Alijua sikwenda kwa fundi, akaninunia. Nikaketi mbele yake mkekani, nikamwonyesha jina kwenye daftari, nikamsomea kama nilivyosomewa. Alisikiliza bila kuacha mchele, mpaka kwenye neno kuchanjwa. Pale mikono ikasimama.

"Bi Somoe mwenye kanga? Yule aliyeungua?"

"Hakuungua, Mama. Alichanjwa. Ilikuwa hii."

Kisha akauliza, "Na hilo neno la Kizungu ni nini?"

Nikamwambia maana yake. Mama alirusha ungo pembeni. "Astaghfirullahi! Watu wazima wamesoma, wakaona shingo ya mja wa Mungu wakaita hivyo? Hawakuwa hata na mbuzi?"

Tulicheka sote wawili, yeye akijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu mabibo. Hakuniomba radhi, na sikutegemea. Lakini jioni, alipokuwa anatenga chai, nilimwona anahangaika na kucha kwenye kikombe changu, uzi mwekundu umekaza fundo. Mwisho akaukata kwa meno.

Sampuli ya pili ilirudi vizuri. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Ramadhani ikaingia nikiwa mwezi wa nne, na daktari akanikataza kufunga. Hilo liliniumiza kuliko sindano. Tangu nipevuke sijawahi kula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya maradhi, na nyumba yetu iko njiani, watu wanapita. Siku ya kwanza nilikaa na njaa kwa aibu tu. Saa sita Mama akaingia chumbani na sahani iliyofunikwa kawa. Chini yake kulikuwa na wali na samaki wa kupaka. Akafunga mlango, akakaa mbele yangu kama askari, yeye amefunga, midomo mikavu.

"Kula," akasema. "Mungu amekuruhusu, wewe ni nani ukatae?"

Alifanya hivyo siku zote za mwezi ule. Alipika akiwa na saumu kwa ajili ya mtu mmoja, akakaa pale mpaka sahani ikawa tupu. Baba Rukia naye alirudisha godoro usiku wa sikukuu, bila hotuba. Nilimsogezea mto. Mengine tuliyazungumza baadaye, polepole, na machache bado tunayazungumza.

Mvua zilipokatika nilimeza kidonge cha mwisho. Daktari alipima shingo kwa vidole vyake, akaandika kwenye kadi kwamba nimepona, akaniuliza kama naweza kuongea na wagonjwa wengine wakinihitaji. Nimebaki na kovu la urefu wa kidole kidogo, lina rangi ya biringanya. Wateja wanaliona ninapoinama kuwapima. Anayeuliza, namwambia.

Nilikuwa na kazi moja bado. Bibi aliacha mdogo wake, Bi Mwajuma, yu hai Msimbati, macho yamekwisha lakini akili imetulia. Nilikwenda Jumapili moja na Rukia. Tulimkuta amekaa kwenye mchanga nje ya mlango wake, anasuka ukili kwa kupapasa. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamweleza kilichonipata. Nikauweka mkono wake kwenye kovu langu. Aliligusa kwa muda mrefu.

"Ndilo," akasema. "Ndilo la dada. Nani kakuambia?"

Nikamweleza habari ya daftari. Kumbe yeye alikuwa anajua tangu zamani kwamba ule uji ulikuwa uwongo. Uwongo ulitungwa baada ya dada yake kuachwa na mume wa kwanza na kurudishwa kwao, ili apate mwingine. Akanieleza jinsi walivyomjengea kibanda chake nyuma, walivyomsogezea chakula kwa mti mrefu, yeye Mwajuma akiwa mtoto ndiye aliyetumwa kusogeza. Miaka miwili, mpaka shingo ilipofunga yenyewe.

"Alikuwa ananiita nikae naye tule," akasema. "Nami nakimbia."

Nikamweleza taratibu, kama nilivyoelezwa mimi: kwamba ugonjwa ule wa shingo, kifua kikiwa kizima, haupiti kwenye sahani wala mkononi. Sikujua kama nifanye hivyo, lakini aliniuliza mwenyewe kama ungemwambukiza, na mtu akiuliza kwa umri ule huwezi kumficha.

Vidole vyake vikaacha ukili.

"Hauambukizi?"

"Hauambukizi, Bibi."

Akageuza uso upande wa nyuma ya nyumba, ambako sasa kuna mihogo tu.

"Basi tungekula naye," akasema.